Nalea watoto nyumbani, watatu hawana kumbukumbu za chanjo. Nifanyeje bila kuwarudisha kwao?

MamaLea_Kimara

Habari zenu wakuu, na dada zangu wote mlioko humu.

Nalea watoto wa watu nyumbani kwangu, Kimara, Dar es Salaam. Wazazi wao ni watu wa kawaida: wauza genge, kondakta, wasichana wa saluni, mwalimu mmoja. Wanawaleta alfajiri, wanawafuata jioni. Mdogo kuliko wote ana miezi mitano, mkubwa anakaribia miaka minne. Nimeanza taratibu za kusajili kituo, na Afisa Ustawi wa Jamii amenitaka niwe na faili la kila mtoto: cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi, namba za simu za wazazi, na nakala ya kadi ya kliniki yenye chanjo zake.

Wengi wameleta. Hawa watatu ndio wananinyima usingizi.

Wa kwanza ni binti wa miaka miwili na kidogo. Alilelewa na bibi yake kijijini Kasulu, mama yake amemchukua mwaka huu. Kadi ilibaki huko na bibi anasema haioni. Mama anaapa kwamba mtoto alichanjwa, lakini muda wote huo yeye alikuwa huku mjini anatafuta maisha.

Wa pili kadi anayo, ila ililowa maji yalipoingia ndani msimu wa mvua. Wiki ya 6 inasomeka, wiki ya 10 nusu nusu, kuanzia hapo ni doa la wino wa bluu.

Wa tatu ndiye mgumu. Baba anasema kadi ipo, ataleta. Nikimkumbusha anakuwa mkali, juzi kaniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Mama wa mtoto kaninong'oneza pembeni kwamba baada ya sindano za kwanza mtoto alichemka homa usiku kucha, na baba akakataa asirudishwe tena kliniki.

Sitaki kumfukuza mtoto. Huyu wa Kasulu nikimrudisha, mama yake ataacha kazi au atamwacha kwa jirani asiyemjua vizuri. Lakini huyu wa miezi mitano bado hajafikia umri wa chanjo ya surua, na wote wanalala mchana chumba kimoja. Kumbukumbu zinaweza kupatikana upya? Neno la mzazi nilikubali? Naombeni ushauri wenu.

Mkude_Jr

Hana kadi, hana nafasi. Weka tangazo mlangoni. Mtoto mmoja akitoka na ugonjwa hapo kwako, wazazi wote watakugeukia wewe, na huyo baba mkali ndiye atakuwa wa kwanza.

BintiWaPwani

Mkude, ukimfukuza mtoto hapati chanjo. Anahamia kwa mama mwingine mtaa wa pili ambaye haulizi kadi kabisa. Mwache dada atafute njia.

NesiMzoefu

Mdogo wangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kuamua. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, nikueleze tunavyofanya.

Kadi kupotea si sawa na mtoto kutochanjwa. Kadi ni ya mzazi, lakini kituo nacho kina rejista yake. Kila chanjo huandikwa kwenye kadi na kwenye rejista ya watoto, na vituo vingi siku hizi vinaingiza pia kwenye kompyuta. Kwa hiyo bibi wa Kasulu aende zahanati aliyokuwa akimpeleka mjukuu. Ajue tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na kitongoji walichokuwa wakiishi. Jina la mtoto peke yake litamkwamisha, kwa sababu wengi wanaandikishwa kabla hawajapewa jina. Kwenye rejista unakuta "Mtoto wa Neema", leo mtoto anaitwa Precious. Muuguzi akimtafuta Precious atafunga rejista bila kumwona. Na kama alizaliwa hospitali halafu akaendelea zahanati ya kijijini, BCG, ile ya kifua kikuu, na matone ya kwanza ya polio vinaweza kuwa vimeandikwa hospitali tu. Atafutwe kote kuwili. Akipatikana, waombe wamjazie kadi mpya kutoka kwenye rejista na wapige muhuri, bibi aitume na mtu anayekuja Dar. Wakati inasubiriwa, muuguzi anaweza kuongea na kliniki yenu kwa simu.

Kadi iliyolowa irudi kituo kilichoiandika. Tafadhali usipitishe kalamu juu ya maandishi yaliyofifia, hata kama kivuli cha tarehe unakiona. Ukigusa tu, hakuna muuguzi atakayeiamini tena. Angalia pia mambo mawili ambayo watu wanayapita: sehemu ya tarehe ya kurudi, na mchoro wa uzito. Kama nukta za uzito zinaendelea hadi miezi tisa na kuzidi, mtoto alikuwa anahudhuria, na hapo kuna sababu nzuri ya kuisaka ile rejista kwa bidii. Lakini nukta ya uzito si ushahidi wa sindano.

Neno la mzazi? Tunalisikiliza, linatuelekeza pa kutafuta, ila hatuliandiki kama chanjo. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba asiye na kumbukumbu ya maandishi ahesabiwe hajachanjwa, aanziwe. Hapa wazazi wengi wanaogopa kwamba mtoto "atazidishiwa dawa". Mwili uliokwisha kuchanjwa ukipata dozi nyingine ya surua au polio haudhuriki. Sindano ya penta, ile ya magonjwa matano kikiwemo kifaduro, ikirudiwa paja linaweza kuvimba na kuuma zaidi kwa siku chache, basi. Kumwacha wazi ndiyo hatari. Na aliyekatisha katikati hatuanzi naye upya, tunaendelea pale alipoishia, hata kama umepita mwaka. Kati ya dozi na dozi tunaacha angalau wiki nne.

Chanjo ya kuhara ina umri wake wa mwisho, kwa hiyo huyo wa miaka miwili wanaweza wasimpe. Nyingine kliniki itampangia.

MamaLea_Kimara

Dada, Mungu akubariki. Huyo wa Kasulu ana kovu bega la kulia, nimelitazama leo nikimwogesha. Hilo linasaidia?

NesiMzoefu

Linasaidia kujua kwamba BCG alipata, kwa hiyo mtoto huyo alifika mbele ya mhudumu angalau mara moja na jina lake lipo mahali. Kuhusu surua halisemi kitu. Na wapo waliochanjwa BCG kovu lisitokee, kwa hiyo usimhukumu mtoto asiye nalo.

Muulize bibi kuhusu kampeni pia, kama ile ya surua-rubela ya Februari 2024. Kwenye kampeni mtoto anapakwa wino kidoleni, na mara nyingi kadi haiguswi. Hata hivyo dozi ya kampeni ni ya nyongeza, haifuti zile mbili za ratiba, ya miezi 9 na ya miezi 18. Na kwenye kadi ulizokwisha kupokea, pitia upya hiyo ya miezi 18. Mama akishamaliza ya miezi tisa anajiona kamaliza kliniki, ndiyo maana hiyo ya pili inasahaulika sana.

Mwanamvita

Naongezea toka Mombasa. Ukipokea mtoto aliyezaliwa Kenya usimtafutie kovu begani. Huku kwetu BCG hudungwa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Na rekodi zetu zi kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto, chanjo ziko ndani pamoja na mambo ya mimba. Mzazi akikuletea ukurasa mmoja wa picha, muombe kijitabu chenyewe.

Mlezi_Mbezi

Mwenzangu, nami nina kituo. Nikupe utaratibu ninaotumia, maana wewe unahitaji kitu cha kumwonyesha Afisa Ustawi.

Mtoto asiye na kadi simkatai, lakini mzazi anajaza fomu siku hiyo hiyo: mtoto alizaliwa wapi, alihudhuria kliniki ipi, kadi ilipoteaje, na lini atampeleka kituo cha afya. Anasaini. Natoa siku thelathini. Nimegundua kwamba tarehe ndiyo inayosukuma, neno "nitaleta" halina mwisho. Ikifika, kama kaenda kliniki na kapangiwa ratiba, nakubali hata kama chanjo hazijakamilika, maana zenyewe zinachukua miezi. Kama hajagusa chochote, namwita tuzungumze mbele ya mwenza wake. Afisa akija anakuta mtoto hana kadi lakini ana fomu, ana kadi mpya yenye dozi moja na tarehe ya kurudi.

Jingine, tazama kadi kwa makini. Niliwahi kuletewa kadi safi sana, miezi yote kalamu moja na mwandiko mmoja, na tarehe mbili ukizitazama kwenye kalenda ni Jumapili, ilhali kituo kilichotajwa hakichanji Jumapili. Kadi ya kweli ina kalamu tofauti tofauti, miandiko ya wauguzi tofauti, na kona zimechakaa. Sikumgombeza yule mama. Nilimwambia twende wote kliniki, na njiani akaniambia mwenyewe kwamba aliogopa kufokewa na wauguzi kwa kuchelewa.

NesiMzoefu

Mlezi umegusa penyewe. Woga wa kufokewa unawazuia wazazi wengi kuliko dini wala mila. Wauguzi wenzangu mlioko humu, mama aliyechelewa mwaka mzima akifika dirishani, mpokeeni.

MamaLea_Kimara

Huyo baba sasa. Fomu atasaini? Ananiona namwingilia familia yake.

BintiWaPwani

Mume wangu alikuwa hivyo hivyo kwa mtoto wetu wa kwanza. Homa ilimtisha, na ukweli usiku ule ulikuwa mrefu, mtoto analia, paja gumu. Sikubishana naye. Nilimwomba anisindikize kliniki yeye mwenyewe akaulize. Muuguzi alimweleza kwamba homa baada ya penta ni ya kawaida, sehemu ya kifaduro ndiyo inayoileta zaidi, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Akamwonyesha kiasi cha parasetamoli kulingana na uzito, na dalili za kumrudisha haraka: degedege, kulegea, kukataa kabisa kunyonya. Mwanaume alikuwa anaogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia chochote, kila kitu aliambiwa mama. Toka siku ile anampeleka yeye. Kwa hiyo usimpelekee huyo baba hoja ya kadi. Muulize usiku ule wa homa ulikuwaje, umsikilize kwanza.

WakiliMtaani

Akisema unamwingilia, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaitaja chanjo waziwazi ndani ya matibabu ambayo mzazi au mlezi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Usianze na sheria lakini, anza na alichosema BintiWaPwani.

Na wewe dada una wajibu wako. Nakala za kadi ni taarifa za afya za watoto, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda. Kabatini, kwa kufuli. Usiwaambie wazazi waposti kadi kwenye grupu la WhatsApp, na usitaje kwenye grupu ni mtoto wa nani ambaye hana chanjo. Nimeona kinamama wakitukanana kwa jambo hilo hadi mtoto akahamishwa.

Mkude_Jr

Nimesoma yote. Nakubali utaratibu wa Mlezi una mantiki kuliko wangu. Swali langu linabaki kwa yule wa miezi mitano. Siku thelathini hizo yeye analindwa na nini?

NesiMzoefu

Swali zuri, na jibu lake si jepesi. Kwa surua, mtoto chini ya miezi tisa anategemea kinga iliyobaki kutoka kwa mama yake, ambayo inapungua, na watu wazima na watoto wanaomzunguka. Surua inaambukiza tangu siku nne kabla vipele havijatoka, na virusi vinabaki hewani kwenye chumba kwa muda unaofika saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kwa hiyo kumtenga mtoto mwenye vipele ni lazima, lakini unakuwa umechelewa.

MamaLea, fanya haya wiki hii, usisubiri rejista ya Kasulu. Watoto wote waliofikisha umri na hawana uthibitisho wa surua waende wachanjwe sasa, kituo cha serikali ni bure. Mdogo alale chumba kingine au sebuleni, madirisha wazi. Andika orodha moja ya nani amepata surua ngapi, uiweke kwenye lile faili. Akitokea mtoto ana homa, mafua, macho mekundu na vipele vilivyoanzia usoni, siku hiyo hiyo toa taarifa kituo cha afya ukiwa na hiyo orodha mkononi, kwa sababu chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa bado inaweza kumkinga. Kukiwa na mlipuko, wahudumu wanaweza kuelekezwa kuchanja hata wa miezi sita.

MamaLea_Kimara

Nimeshaongea na mama wa binti wa Kasulu. Bibi anakwenda zahanati kesho na jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, na mtoto anapelekwa kliniki ya hapa Ijumaa bila kusubiri. Mwenye kadi iliyolowa, mama yake ameomba ruhusa kazini airudishe kituo chake. Baba sijaongea naye bado. Nitamsubiri jioni akija kumchukua mwanawe, nimkaribishe aketi.

Swali la mwisho: kliniki yetu foleni ni ndefu, wazazi wangu ni vibarua, siku moja ikipotea ni mlo umepotea. Wahudumu wanaweza kuja hapa kwangu?

NesiMzoefu

Nenda kamwone mganga mfawidhi wa zahanati, mwombe huduma ya mkoba. Vituo vina siku zake za kutoka kwenda kuchanja mitaani, na mahali penye watoto wengi pamoja panapendwa kwa sababu chupa ya chanjo ya surua ina dozi nyingi na ikishafunguliwa haikai zaidi ya saa sita. Mpelekee ile orodha ili ajue abebe dozi ngapi. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa pia, na muone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa eneo lenu, yeye ndiye atakayekukumbushia. Kila mzazi awepo siku hiyo au aache ridhaa kwa maandishi pamoja na kadi. Kadi iwepo, dada, vinginevyo mtachanja na kurudi palepale.