Kempa ndogo: Hiace au Canter?

msafiri_AR: Wakuu salama? Mi na waifu tunataka gari la kulala humohumo, kitanda, jiko, kafriji na maji basi. Mwanzo nilikuwa naipigia hesabu Coaster ile ndefu, karibu mita 7, ila naona sa hivi watu wanakimbilia vidogo, na kweli ile utaipaki wapi hapa Arusha mjini. Nimebaki na Hiace pana ya mita 5.38 au Canter nipandishe boksi la kulala nyuma. Njia zetu Lushoto, Karatu, Natron. Chasisi ipi?

fundi_boksi: Natron umeitaja kama lami vile 😀 Canter kwa mzigo haina shida ila ile fremu inajinyonga ukivuka korongo, tairi moja juu lingine chini, ndo ilivyoundwa, sasa mafundi wengi wanaikazia boksi kwa yubolti (bolti za umbo la U) pande zote halafu baada ya muda kona zinapasuka na madirisha yanavuja. Muulize fundi wako boksi litakaaje, lazima iwepo fremu ya pili yenye springi au pini ili chini pajinyonge juu patulie. Akikutolea macho tu, tafuta mwingine.

dada_bremen: Huku Ujerumani wamejaa kwenye van ya Fiat Ducato ya mita 5.99, na wengi si kwamba wanapenda udogo, leseni ya B, ile ya gari dogo, inaishia kilo 3,500, gari, watu na mizigo yote humo. Ujanja wake ni upana, mita 2.05, kitanda kinakaa cha kukatiza upana wa gari ndo maana gari linakuwa fupi. Hiace pana ni 1.88 kwa nje, bado kuta. Kaka una urefu gani? Ila Ducato usije ukaagiza, inavuta kwa mbele, ukijaza nyuma kwenye mlima wa tope inasugua tu.

msafiri_AR: Nina 1.86 😅 basi kitanda cha kunyooka. Maji nilipanga lita 200.

fundi_boksi: Hizo ni kilo 200 mkuu, bado betri, friji na shemeji! Weka tangi la 80, likae mbele ya ekseli ya nyuma, sio kule kwenye bampa. Kwa watu wawili mi nachukua Hiace ya dizeli, 4WD zipo za Japani, nyuma ongeza jani moja la springi, Natron nendeni kiangazi. Canter labda kama kuna watoto. Na ukimaliza kujenga jaza kila kitu uipitishe kwenye mizani kwanza.