Transfoma mbili za 33 kV, tepu tofauti: nichukue ipi? (mashine ya mawese, Uvinza)

Mwanga_Sokoni: Wakuu, kesho kutwa nalipia transfoma iliyotumika. Moja kibati kinasema 33000/400 (volti za juu/za chini), tepu 5 (nafasi za kurekebisha volti), 34650 hadi 31350. Nyingine 33000/433, tepu 5, 33825 hadi 30525. Hii ya pili inashuka zaidi, nichukue hiyo?

Fundi_Gungu: kVA (ukubwa wake) ngapi? Mota zimeandikwa volti ngapi? Laini inasoma ngapi jioni na usiku wa manane? Bila hivyo tunabahatisha.

Mwanga_Sokoni: Zote 100 kVA. Mota 400. Laini kV 31.8 jioni, 33.6 usiku.

Fundi_Gungu: Chukua ya 400, weka tepu ya 32175. 400 × 31800 ÷ 32175 ni 395 jioni. Usiku 418, fezi moja 241. Namba za tepu ni volti zinazoingia juu. Ukihamia namba ndogo, volti za chini zinapanda. Wengi hugeuza kinyume hapo.

Kasulu_Umeme: Hizo ni bila mzigo, mzee. Soma impidansi (upinzani wa ndani wa transfoma, kwa asilimia): ikiwa 4%, mota zikijaa volti zinashuka kama 3%. 395 inabaki 383, upotevu wa kwenye waya bado. Ya 433 kwenye 33825 inatoa 407, mzigoni 395.

Fundi_Gungu: Na usiku mashine zikizimwa? 430, fezi 248. Hapo uko tepu ya mwisho, huna pa kupunguzia tena.

Kasulu_Umeme: 248 bado haijafika 253, ambayo ni 230 na 10% yake. Mota ndizo zinazoungua kwa volti ndogo.

Ujiji_Koili: Mnabishana kabla ya kuipima. Ingiza volti 400 za fezi tatu upande wa kV 33. Hiyo ya kwanza, tepu ya 33000 isome 4.85 kati ya fezi na fezi chini, ya 31350 isome 5.10. Fezi moja ikitofautiana, kontakti au koili ina tatizo. Usiingize upande wa chini kamwe, bushingi (vihami vinavyopitisha nyaya) za juu zitabeba kilovolti 33!

Tepu hizi hazigeuzwi umeme ukiwepo. Ondoa mzigo, angusha fyuzi za juu, hakikisha umeme haupo, weka ethi pande zote mbili, ndipo uzungushe mpaka pini iingie tunduni. Mpini ukibaki katikati ya namba mbili, kontakti zinagusa kidogo, cheche zinazichoma, mafuta yanajaa kaboni, mwishowe koili inaungua.

Mwanga_Sokoni: Muuzaji anasema mafuta ya ile ya 433 ni masafi.

Ujiji_Koili: Rangi haioneshi maji. Silika (punje za kunyonya unyevu) ya kwenye kipumulio ni ya bluu, yaani kavu, au imegeuka waridi, yaani imeshika maji?