Simu ya intaneti kwa ofisi ya nyumbani: programu, simu ya mezani au adapta?

Swali

Ndugu wanajamvi, kazi yangu naifanyia nyumbani, na sehemu kubwa ya siku hupita nikizungumza na wateja. Nahitaji namba ya kazi ya intaneti, isiyochanganyika na namba yangu binafsi. Nimeona njia tatu: programu ya simu kwenye kompyuta pamoja na hedifoni, simu ya mezani ya SIP (utaratibu wa kuunganisha simu kupitia intaneti) inayochomekwa kwenye ruta, au adapta itakayoniwezesha kuendelea na simu yangu ya kawaida ya mezani. Ninajali zaidi usikivu, kwa sababu sauti ikikatika-katika mteja hupoteza imani. Mngechagua ipi?

Jibu la kwanza

Kabla ya kuchagua kifaa, ipime laini yako. Mazungumzo yanayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti yenyewe, na ukijumlisha taarifa za njia ambazo kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) hubeba, hufika takriban kilobiti 87 kwa kila upande, kiasi ambacho laini nyingi hukimudu bila shida. Tatizo huanzia penginepo: kasi ya kupakia mara nyingi huwa ndogo kuliko ya kupakua, na mtu mwingine nyumbani akianza kupandisha video, pakiti za sauti hupanga foleni nyuma ya video hiyo. Mwongozo wa G.114 wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huhesabu kwamba sauti ikifika ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, mazungumzo mengi huenda vizuri. Ikichelewa sana kupita hapo, watu huanza kukatizana maneno.

Kwa hiyo pima ucheleweshaji wakati faili kubwa linapakiwa, si usiku nyumba ikiwa imetulia. Ruta inayotanguliza pakiti za sauti, ikiwekewa kikomo cha kupakia kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, itakufaa kuliko simu ya bei kubwa.

Jibu la pili

Naafiki yote kuhusu ruta, ila kwa mtu anayezungumza kutwa nzima napendekeza simu ya mezani bila kusita. Haitegemei kompyuta, ambayo huweza kujizima na kuwaka upya kwa ajili ya masasisho katikati ya mazungumzo, na kwa kuwa hutumia kebo, haisumbuliwi na Wai-Fai ya majirani. Nyingi zina kodeki ya G.722, inayobeba sauti hadi takriban kilohezi 7, ilhali simu ya kawaida huishia karibu na 3.4. Manufaa hayo, hata hivyo, utayapata tu ikiwa upande wa pili na mitandao ya katikati nayo inaikubali.

Jibu la tatu

Mimi ningeanza na programu, kwa kuwa mtu anayefanya kazi peke yake anaweza kuijaribu huduma yenyewe kabla ya kununua chombo chochote. Chukua hedifoni ya waya ya USB. Zile za Bluetooth, maikrofoni yake inapowashwa, mara nyingi hushusha ubora wa sauti, na mteja ndiye anayeumia.

Jibu la nne

Adapta inafaa pale tu unapoipenda sana simu uliyo nayo. Usiitegemee kwa faksi.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nimeanza na programu. Sauti ni nzuri, lakini baadhi ya simu zinazoingia huita, napokea, kisha mimi namsikia mteja naye hanisikii.

Jibu la kwanza

Dalili hiyo mara nyingi hutoka kwenye ruta. SIP hushughulikia kuita na kukata tu. Sauti husafiri peke yake kwa RTP, utaratibu wa kusafirisha sauti, kuelekea anwani iliyoandikwa ndani ya ujumbe wa SIP. Ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho hujaribu kuirekebisha anwani hiyo na wakati mwingine huiharibu, hivyo sauti ya upande mmoja ikapotea njiani. Kizime, uwashe ruta upya, kisha ujaribu tena. Tafadhali usifungue mlango wa 5060 wa ruta, unaotumiwa na SIP, kwa dunia nzima kama wengine wanavyoshauri, kwani walaghai huutafuta usiku na mchana ili wapige simu za gharama kubwa kwa akaunti yako. Weka nywila ndefu, na mtoa huduma wako akiruhusu, washa TLS pamoja na SRTP, ambazo husimba ujumbe wa SIP na sauti yenyewe.

Jibu la pili

Naongeza la umeme: ukikatika, ruta huzima na namba ya kazi huzima nayo, kwa hiyo iwekee ruta betri ya akiba na mwambie mtoa huduma aelekeze simu kwenye simu yako ya mkononi akaunti inapokosa mtandao. Kwa simu za dharura tumia mkononi, kwa kuwa namba ya intaneti huenda isionyeshe mahali ulipo.

Mwuliza swali

Nimezima SIP ALG, na sasa tunasikilizana pande zote mbili. Nitaendelea na programu kwanza, na simu ya mezani nitainunua nikishaona simu za kutwa zimezidi.