Nataka kupima seleniamu kwenye mto unaopita mashamba ya umwagiliaji, nianzie wapi?

mwanamaji:
Habari wakuu. Nasoma mambo ya maji na mazingira, utafiti wangu uko kwenye bonde la umwagiliaji, mto unapita katikati na kuna vijito na mitaro kibao inayorudisha maji mtoni. Udongo wa pale umetokana na tope la bahari ya kale lililogandamana likawa mwamba, na nimesoma kwamba miamba ya aina hiyo ndo inabeba seleniamu (elementi ambayo mwili unaihitaji kidogo sana, ikizidi ni sumu). Mpango wangu ni kuchukua maji ya mto juu ya mashamba na chini ya mashamba, mara moja kila mwezi, nipeleke maabara nilinganishe, basi. Msimamizi ameangalia akasema haitoshi halafu akasafiri, na mimi sioni haitoshi wapi. Kingine kinachonichanganya, kiwango cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 40 kwa lita, na vipimo vya zamani vya huu mto ni 6 au 7 tu. Sasa hapo kuna tatizo kweli au natafuta kitu ambacho hakipo? Naombeni mwongozo, hasa waliowahi kuifanya hii kazi kwa mikono yao.

mama_wa_mito:
Tatizo lipo mdogo wangu, tena kwa 6 au 7 ni kubwa. Hiyo 40 ni ya mtu anayekunywa. Samaki na ndege hawaipati seleniamu kwa kunywa, wanaipata kwa kula, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Mwani na vijidudu vya kwenye tope vinaifyonza kutoka kwenye maji na kuikusanya mara mamia mpaka maelfu, hiyo hatua ya kwanza ndo kubwa kuliko zote, halafu mabuu ya wadudu yanakula mwani, samaki anakula mabuu, ndege anakula wote. Ndo maana mamlaka ya mazingira ya Marekani (EPA) walipotoa viwango vyao 2016 wakaweka mikrogramu 3.1 kwa lita kwa maji yanayotembea na 1.5 kwa maji yaliyotuama. Angalia tofauti na 40. Maji mtu anaweza kunywa asidhurike na samaki humo humo wakashindwa kuzaa.

Soma habari za Kesterson, California. Maji yaliyotoka kwenye mashamba ya magharibi ya bonde la San Joaquin yalikuwa yanaishia kwenye mabwawa ya hifadhi ya ndege, kwa sababu mfereji wa San Luis uliotakiwa kuyapeleka mpaka kwenye delta (pale mito inapogawanyika kabla ya kuingia baharini) haukumaliziwa. Mwaka 1983 watafiti wa wanyamapori wakafungua mayai wakakuta vifaranga hawana macho, midomo imepinda, wengine miguu haipo. Maji yaliyokuwa yanaingia yalikuwa na wastani wa mikrogramu kama 300 kwa lita. 1986 maji ya mashamba yakasimamishwa, 1988 sehemu za mabondeni zikafukiwa kwa udongo. Na hakuna aliyemwaga sumu pale, ni maji ya kumwagilia tu yamepita kwenye udongo yakatoka na kilichokuwemo.

Kitu cha kushika ni kwamba seleniamu inafanana sana na salfa, kwa hiyo mwili unaiingiza kwenye protini bila kujua, na mama anaipitisha kwenye kiini cha yai. Unaweza kukamata samaki mkubwa ukamuona mzima kabisa, amenona, ila mayai yake hayatoi watoto. Ukiangalia samaki wakubwa peke yao utaandika mto uko salama huku kizazi kinakatika.

fundi_wa_mitaro:
Dada kamaliza upande wa viumbe, mi nije kwenye maji. Mkuu, kwa pointi mbili tu utajua kwamba mto umeongezeka seleniamu, hutajua imetoka wapi wala kwa nini, na mkulima au bodi ya maji akikuuliza afanye nini huna jibu. Nadhani msimamizi wako alimaanisha hivyo.

Inavyokwenda ni hivi: maji ya umwagiliaji yanazidi mahitaji ya mmea, yale ya ziada yanashuka chini, yanakutana na mwamba wenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) na seleniamu, oksijeni iliyomo kwenye maji inaioksidisha inakuwa seleneti (aina ya seleniamu inayoyeyuka kwenye maji), na seleneti haishikwi na udongo, inaenda na maji popote. Juu huku jua linakausha chumvi inabaki. Utaona kingo za mitaro zina ukoko mweupe, ukiukanyaga unavunjika, hapo ndo pa kuanzia kuchukua sampuli maana maji ya pale yamekolea. Nunua au azima mita ya chumvi (ya kupima upitishaji umeme), tembea nayo mtaro kwa mtaro kabla hujajaza hata chupa moja, itakuonyesha wapi maji ya chini ya ardhi yanatokeza.

Halafu tafadhali sana PIMA NAITRETI (nitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka kwenye maji). Huu ndo ukweli ambao wengi wanauruka. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Colorado wamefuatilia bonde la chini la mto Arkansas miaka mingi na seleniamu na naitreti zinatembea pamoja. Sababu ni mbili. Naitreti ya mbolea inaweza kuoksidisha seleniamu ya kwenye mwamba hata pale oksijeni imeisha. Na bakteria ambao wangeirudisha seleneti iwe seleniamu isiyoyeyuka wanapenda kutumia oksijeni kwanza, kisha naitreti, seleneti inakuja mwisho, so kama naitreti bado ipo wala hawaigusi. Yaani mkulima akipunguza mbolea iliyozidi anapunguza na seleniamu mtoni bila kugusa mwamba. Hiyo ni habari ya kumpelekea mtu.

Cha tatu ni wingi wa maji. Kiwango kwenye chupa bila mtiririko hakikupi picha. Mfano, mtaro A una mikrogramu 60 kwa lita ila unatoa lita 2 kwa sekunde, hiyo ni kama gramu 10 kwa siku. Mtaro B una 12 tu lakini unatoa lita 80 kwa sekunde, hiyo ni gramu 83. Kila mtu atakimbilia A na mzigo (jumla ya seleniamu inayoingia mtoni kwa siku) uko B. Kwenye bomba linalomwaga ndoo na saa vinatosha, kwenye mtaro pima upana, kina na kasi kwa vipande. Na ukijumlisha mitaro yote halafu ukalinganisha na ongezeko la mto utakuta haziendani, kuna kinachobaki, mara nyingi ni maji ya ardhini yanayoingia moja kwa moja kupitia sakafu ya mto bila kuonekana. Usikitupe hicho kipande kwa kuona ni makosa ya vipimo, weka visima vifupi kando ya mto uyapate hayo maji.

benchi_la_maabara:
Naongezea kabla hujalipa hela ya maabara. Waulize kiwango cha chini kabisa wanachoweza kukisoma kwa uhakika. Kama ni 5 usipeleke, unachokitafuta ni 1.5 na 3.1, watakuandikia "haikuonekana" kwenye karatasi nzima na wewe utadhani mto msafi. Tafuta wanaosoma chini ya 0.5.

Wakitumia ICP-MS (mashine inayotambua elementi kwa uzito wa atomu zake) uliza kama ina seli ya kuondoa mwingiliano, kwa sababu gesi ya agoni inayoendesha ile mashine inatengeneza uzito uleule wa seleniamu na namba inapanda yenyewe. Wakitumia njia ya haidridi (seleniamu inageuzwa gesi kwanza ndo ipimwe) uliza kama wanachemsha sampuli na asidi ya haidrokloriki kwanza. Ile njia inaona selenaiti tu (aina nyingine ya seleniamu iliyoyeyuka, yenye oksijeni pungufu), seleneti haiioni, na maji ya mitaro ya mashamba karibu yote ni seleneti! Nimeona ripoti za namna hiyo, sifuri sifuri sifuri kwenye maji ambayo yamechafuka wazi.

Huko mtoni chuja palepale kwa filta ya mikromita 0.45, tia asidi ya naitriki mpaka pH iwe chini ya 2, na beba chupa nyingine ambayo haijachujwa ili uone kiasi kilichoshikana na tope. Ukitaka kutenganisha seleneti na selenaiti hiyo chupa usiitie asidi ya naitriki, iweke kwenye baridi na giza ifike maabara haraka. Kila safari beba maji safi ya maabara uyapitishe kwenye filta ileile, na chukua sampuli pacha kwenye vituo vichache. Bila hivyo ukipata namba ya ajabu hutajua imetoka mtoni au kwenye mikono yako.

mwanamaji:
Aisee asanteni mno, sasa nimeelewa nilichoambiwa. Swali: hela yangu haitoshi kwa yote. Nikikata vituo vya maji niweke samaki ni sawa? Na kila mwezi ndo ratiba nzuri?

mama_wa_mito:
Weka samaki, usisite. Hata kwenye vile viwango vya EPA kipimo cha mwili wa samaki ndo kinashinda cha maji, na cha juu kuliko vyote ni mayai, miligramu 15.1 kwa kilo ya uzito mkavu. Mwili mzima ni 8.5. Nenda kabla tu ya msimu wa kuzaa, majike yakiwa na mayai. Samaki wakiwa adimu chukua mabuu ya wadudu chini ya mawe pamoja na tope la juu, bei ndogo na yanakaa palepale, samaki anaweza kuwa kahama kutoka kwingine. Ila usikose madimbwi na sehemu za matete ambako maji yanasimama, pale seleniamu inageuka haraka kuwa aina inayoliwa, hata kama namba ya maji iko chini kuliko ya mto.

fundi_wa_mitaro:
Ratiba ya kila mwezi haina ubaya ila ifuate maji sio kalenda. Lazima upate msimu wa kumwagilia na ule ambao mifereji imefungwa. Mifereji ikifungwa maji ya kuchanganyia yanaisha, mto unabaki na yale yanayochuruzika kutoka ardhini, kiwango kinapanda hata kama mzigo kwa siku umeshuka. Ukikosa hiyo miezi umekosa wakati mbaya kuliko yote kwa samaki. Na ongea na wasimamizi wa mifereji mapema wakupe tarehe za kufungua na kufunga, na wakuonyeshe sehemu ambazo mifereji haijasakafiwa inavuja. Bonde la Gunnison huko Colorado walipoweka mabomba badala ya mifereji midogo ya udongo mzigo wa seleniamu ulishuka, kwa hiyo ukiwa na vipimo vya juu na chini ya mfereji unaovuja utakuwa umeshaanza kujibu swali la bodi kabla hawajauliza. Tarehe za kufunga ukizipata zilete hapa tukupangie vituo.