Oveni inaandika F3 halafu inazima, msaada

mpishi_tanga: Wakuu habarini, nina oveni ya umeme ya mtumba, juzi nimeweka keki haijakaa sana ikaanza kupiga kelele pii pii na kwenye kioo ikaandika F3, nikizima breka nikawasha tena inakubali ila ikishapata moto tu inarudi kulekule. Fundi anasema bodi (ile saketi inayoendesha oveni) imekufa, na bei aliyotaja bora ninunue oveni nyingine. Kweli jamani?

fundi_waya: Asikudanganye mkuu. Hizo namba za erori zinatofautiana kampuni na kampuni, angalia kitabu chake, ila oveni nyingi F3 ni sensa ya joto, kale kachuma kembamba kanakotokeza ukutani ndani kule nyuma. Zima breka kwanza, chomoa sensa, pima ohm kwa tesita. Kama ni sensa ya aina ya PT1000, ikiwa ya baridi inasoma karibu ohm 1,100. Ikikuandikia OL, yaani umeme haupiti, ujue imekatika.

mama_keki: Na waya wake muuangalie, yangu ganda lilikuwa limeungua pale nyuma, sensa nzima kabisa.

mpishi_tanga: Nimepima, baridi 1,095, nikaipuliza na draya ya nywele ikaruka OL 😳

fundi_waya: Basi hiyo hapo, inaachia ikipata moto. Bodi iache kwanza. Tafuta sensa ya modeli yako, na ukiunga waya usitumie soletepu, pale nyuma itayeyuka yote.

mama_keki: Huyo fundi wa bodi mkimbie 😂