Naomba ushauri: mpwa wangu aingie drafti ya NFL au abaki chuoni?

Wakuu, salaam. Mpwa wangu anacheza futiboli ya Kimarekani chuoni huku Marekani, nafasi ya kwotabeki (mrusha pasi mkuu). Ametimiza miaka 3 tangu amalize sekondari, kwa hiyo kanuni za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, zinamruhusu kuingia drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya. Yeye anataka kwenda, dada yangu anataka abaki, na wote wananiuliza mimi kwa kuwa ndiye ninayefuatilia mchezo.

Takwimu zake zimepanda msimu huu, lakini siziamini sana. Pasi zake nyingi ni fupi za pembeni, halafu mpokeaji ndiye anayekimbia kuongeza yadi. Mimi huangalia jaribio la tatu (kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), yadi zimebaki nyingi, mabeki wanamjia. Macho bado yanamng'ang'ania mpokeaji wa kwanza, na anarusha huku miguu ikirudi nyuma, mpira unaelea tu. Nguvu ya mkono anayo, hilo halina ubishi.

Mifano nayo inagongana. Josh Allen alitoka chuo cha Wyoming na pasi sahihi asilimia 56 tu, timu ya Buffalo wakamchukua mwaka 2018 na leo ni nyota wao. Joe Burrow alitoka pasi 16 za tachidauni (za kufunga) mwaka 2018 hadi 60 mwaka 2019 palepale chuo cha LSU, ndipo akachaguliwa wa kwanza kwenye drafti.

Mliocheza au kufundisha, nisaidieni: kasoro ya macho na miguu hurekebishika vizuri zaidi chuoni au kwa makocha wa NFL? Na nikirudia video za mechi zake, nitazame nini hasa?