Tupeane uzoefu: Kuisoma upya riwaya ya utotoni kwa jicho la fundi

#1 (mtoa mada)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandika hadithi za miujiza, majini, nchi zisizo kwenye ramani na mengine ya aina hiyo. Taja kitabu ulichokipenda utotoni, sura uliyoifungua upya, na ufundi uliouchomoa humo. Kwamba kitabu ni kizuri tunajua, usitumalizie bando.

Naanza na utaratibu. Chukua sura moja tu. Kurasa nane hadi kumi ni kazi ya wiki nzima. Mara ya kwanza soma haraka bila kalamu mpaka hamu ikuishe, maana ukianza kuchambua ungali na hamu, hadithi itakubeba na utashtukia sura ya nne hujaandika hata neno. Mara ya pili piga kopi ya kurasa zile na uziendee na biki tatu: bluu kwa kinachoonekana, nyekundu kwa kinachoguswa, kunuswa au kusikika, nyeusi kwa maelezo matupu ya msimulizi. Mara ya tatu funga kitabu, iandike sura nzima kwa kumbukumbu, kisha linganisha. Ulichokisahau au kukifupisha ndicho cha kuchunguza. Benjamin Franklin alijinoa kwa njia inayokaribiana na hiyo, akitumia makala za gazeti.

Kosa la kawaida: kupigia mstari sentensi tamu. Sentensi tamu haikufundishi kitu mpaka ujue ile kavu iliyoitangulia ilikuwa inafanya kazi gani.

#2

Naleta *The Lion, the Witch and the Wardrobe* ya C. S. Lewis, 1950, sura ya kwanza, pale Lucy, mdogo kati ya watoto wanne wa hadithi hii, anapoingia kabatini na kutokea nchi ya ajabu. Aliyeona filamu ya 2005 aifute kichwani kwanza. Filamu inafungua na mabomu yakiangukia London, ilhali kitabuni vita vinapita kwa sentensi moja.

Fuateni mpangilio. Chumba ni kitupu, kuna kabati na nzi aliyekufa dirishani, basi. Lucy anafungua mlango, vidonge viwili vya naftalini, dawa ya wadudu wa nguo, vinadondoka. Ukiwa mtoto unavipita tu. Ndani kuna makoti ya manyoya, na yeye hupenda kugusa na kunusa manyoya, kwa hiyo ana sababu ya kuingia ambayo haihusiani na uchawi hata kidogo. Anasonga mbele mikono imetangulia, akitegemea kugusa ubao wa nyuma. Ubao haufikiwi. Chini ya miguu kitu kinasagika, naye anafikiri ni naftalini nyingine. Umeona vile vidonge viwili vililetwa vya nini? Vilikuja kumpa Lucy jibu lisilo sahihi. Anainama kushika, anakuta kitu laini, cha baridi. Theluji. Kisha manyoya yanageuka magumu yenye kuchoma, na kumbe ni matawi. Taa inaonekana baadaye.

Kwenye kopi ya ukurasa huo wino mwekundu unauzidi wa bluu. Mguso unatangulia, macho yanafuata, kwa sababu gizani mtu huamini mkono wake.

Halafu kuna ule mlango. Msimulizi anatuambia Lucy aliuacha wazi, kwa kuwa ni upumbavu kujifungia kabatini. Inasomeka kama nasaha kwa watoto. Sura ya tatu kaka yake Edmund anaufunga. Sura ya tano Peter, kaka mkubwa, anaushikilia bila kuufunga kabisa. Mlango mmoja, na tabia za watatu umezipata bila maelezo. Chora jedwali la safu mbili, kitu na sura kinapotokea, ujaze kitabu kizima. Makoti nayo yamo: sura ya sita wanayavaa kujikinga na baridi, hoja ikiwa kwamba hawajayaiba kwa kuwa hayajatoka nje ya kabati.

#3

Mkuu #2 umeshusha nondo. Niongeze upande wa Kiswahili, maana hapa ndipo wengi tunapoharibu.

Ugonjwa wetu unaitwa "ghafla akajikuta". Mfano:

*Asha akaingia ghalani, akapita katikati ya magunia, ghafla akajikuta ufukweni mwa nchi ngeni.*

Mnyororo wa -ka- unasukuma matukio mbele, na kila kitenzi kinakifunga kilichopita. Ni mzuri kwa mapigano na safari. Mlangoni pa nchi ya ajabu unaua, kwa sababu msomaji anavushwa kabla hajapata muda wa kushuku. Punguza -ka-, leta -ki- na -li-, na umtafutie mhusika "naftalini" yake:

*Asha alipita kati ya magunia akiyapapasa. Karafuu zilizomwagika zilikuwa zikivunjika chini ya nyayo zake, kr, kr. Aliendelea kuzikanyaga. Harufu ya karafuu ikipungua, kuvunjika kulikuwa kukiongezeka. Aliinama kuokota moja: ilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mnyama akajikunja. Kome.*

Karafuu kavu na makome madogo hutoa mlio unaokaribiana chini ya mguu, na hapo ndipo daraja lilipo. Tafuta vitu viwili vinavyofanana kwa mguso au mlio, kimoja cha huku, kingine cha kule. Visipofanana, hata uandike kurasa tatu, msomaji ataona gundi. Na -ka- nimeibakiza moja tu, kwenye kujikunja.

#4

Mbona tunakimbilia ng'ambo wakati *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, 1952, ipo? Ina faida ambayo vitabu vingi havina: chanzo chake unaweza kukisoma. Hadithi ina mizizi katika kisa cha Alfu Lela U Lela cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake. Viweke viwili hivyo mezani, usome sambamba, uorodheshe kilichobadilishwa. Khalifa Harun amekuwa Mfalme Rai wa Ughaibu, Basra imekuwa Janibu, mbwa wawili wanaochapwa kila usiku wamekuwa manyani. Kila badiliko liulize swali moja: limepata nini? Nyani ana mikono na uso unaokaribia wa mtu. Kumchapa kila usiku kunamkera msomaji zaidi ya kuchapa mbwa, na siri yenyewe inakuwa karibu kuonekana.

Angalieni pia nani anaona. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, ametumwa kukusanya kodi, si kupeleleza. Anakuta Adili, liwali anayesifiwa kwa haki, akiwachapa manyani usiku. Sisi tunajua kiasi anachojua Ikibali, tofauti ni moja: tumesoma jalada. Jalada linasema "nduguze", na machoni petu wapo manyani tu. Swali limepandwa kabla ya ukurasa wa kwanza.

Tahadhari kuhusu majina. Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili, wanajitangaza wenyewe, nasi tukiiga hivyo kiholela tunaishia na vikaragosi. Kule majina yanafaa kwa sababu fumbo haliko kwenye nani mbaya. Fumbo ni kwa nini mtu mwema anafanya jambo baya kila usiku. Kama hadithi yako inategemea msomaji asimjue msaliti, usimwite Mwivu.

#5

Nirudi kwa Lewis, kwenye hesabu ya ucheleweshaji. Kitabu kina sura 17. Mchawi anasimuliwa sura ya pili, anaonekana mwisho wa ya tatu. Simba anatajwa mara ya kwanza sura ya saba na kuonekana ya 12. Ule mwanya wa katikati ndio wa kusoma kwa biki. Jina la Simba likitajwa tu, kila mtoto kati ya wanne anahisi kitu tofauti, na Edmund peke yake anahisi hofu. Kisha zinakuja dalili: sura ya 10 Baba Krismasi anafika, ya 11 theluji inayeyuka na gari la Mchawi la kuteleza linakwama kwenye tope. Simba akija, msomaji ameshaona nguvu zake kupitia hali ya hewa.

Anayeiga huwa anachelewesha bila kulipa kitu njiani. Sura tano za "yuaja, yuaja" ni uchovu mtupu.

#6

Swali kwa #2: mwisho wake nao uchambuliwe kwa biki tatu?

#7 (ni mimi #2)

Ndiyo, lakini huhitaji zaidi ya nusu saa. Sura ya 17 watoto wanarudi kwa njia ileile kinyumenyume. Hatua kama 20 wanakumbuka ile ni nguzo ya taa, 20 nyingine wanagundua wanapita katikati ya makoti, si matawi, na wanaangukia chumbani. Hakuna naftalini, hakuna kupapasa. Kwenda kulichukua karibu ukurasa mzima, kurudi sentensi chache. Pima urefu huo kwa rula, kisha kapime safari ya kurudi kwenye mswada wako.